Chapeo ya Mrumi si Kipimo cha Mababu wa Usangi

Kuna kauli inayorudiwa sana kwetu Upare, na wanaoirudia zaidi ni waliosoma. Mtu anaonyesha picha kwenye simu: chapeo ya mpanda farasi wa Kirumi iliyounganishwa na kinyago cha shaba kinachofunika uso mzima, chenye pua, midomo na matundu mawili ya macho. Kisha anasema, "Wenzetu walitengeneza hivi karibu miaka elfu mbili iliyopita. Sisi hapa Usangi tulikuwa na nini?" Hasubiri jibu, kwa kuwa anaamini jibu lenyewe ni kwamba hatukuwa na kitu. Nimeisikia kauli hiyo kwa walimu, kwa vijana, na hata kwa wazee waliokulia katika vijiji vilivyowahi kuwa na wafua chuma. Kauli hiyo ni ya uongo, ina madhara, na inastahili kujibiwa hoja kwa hoja.

Haki inataka kwanza nieleze msimamo wao kama wanavyoueleza wenyewe wanapokuwa makini. Wanasema kwamba kinyago cha namna ile si kazi ya mtu wa kubahatisha. Fundi aligonga bamba la shaba kutoka nyuma, polepole, akilipasha moto lisipasuke, mpaka uso wa binadamu ukachomoza upande wa pili. Akaupaka bati au fedha ung'ae, akaufunga kwenye chapeo kwa bawaba juu ya paji la uso. Fundi huyo alihitaji wachimba madini, wafanyabiashara, mnunuzi mwenye pesa, na nyuma yao wote dola yenye jeshi la kudumu. Kwa hiyo, wanahitimisha, kinyago kimoja ni shahidi wa ustaarabu mzima, na jamii isiyoacha kitu cha namna hiyo haikuufikia ustaarabu.

Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Kinyago ni shahidi wa mfumo mzima. Basi tumsikilize shahidi huyo mpaka mwisho wa ushahidi wake, tusimkatishe pale anapotupendeza.

1. Aliyekivaa alikuwa nani?

Wanaotushangaza kwa picha hizi hudhani kwamba nyuma ya kinyago kulikuwa na Mrumi wa Roma. Mara nyingi hakuwepo. Wapanda farasi wa dola ile katika karne ya kwanza walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa mataifa yaliyotekwa: Wagali, Wahispania, Wathrakia, Wabatavi. Nijmegen na maeneo ya jirani, katika Uholanzi ya leo, ni miongoni mwa sehemu zilizotoa vinyago vingi vya aina hii, na hiyo ilikuwa nchi ya Wabatavi. Mwanahistoria Tacitus anaeleza kwamba Wabatavi hawakutozwa kodi ya mali. Kodi yao ilikuwa watu: walitoa vijana wao kwa jeshi la Rumi.

Hapo hoja ya wenzetu inajipinga yenyewe. Wanatumia kinyago kuthibitisha kwamba Warumi waliwazidi watu wa makabila, kumbe uso uliokuwa ukitoka jasho ndani yake ulikuwa wa mtu wa kabila. Kinyago chenyewe kwa kawaida kilikuwa na sura ya kijana laini wa mtindo wa Kigiriki. Mbatavi, Mthrakia na Mgali waliingia ndani ya sura hiyo, nyuso zao zikapotea. Babu zetu nao walivishwa sare za King's African Rifles wakapelekwa kupigana Burma katika Vita ya Pili ya Dunia. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema kwamba walistaarabika siku walipokabidhiwa kofia.

2. Kinyago kilifanya kazi gani?

Maelezo bora ya kale tuliyo nayo ni ya Arrian, aliyekuwa gavana wa Kapadokia na kuandika kitabu cha mbinu za kijeshi mnamo mwaka 136. Anaeleza michezo ya wapanda farasi ambamo askari wenye cheo au ustadi mkubwa zaidi walivaa chapeo za chuma au shaba zilizopakwa dhahabu, zenye kufunika uso na kuacha matundu ya macho, na juu yake mashungi ya rangi ya manjano. Sababu anayoitoa ni kwamba zilivuta macho ya watazamaji. Mikuki iliyorushwa katika michezo hiyo haikuwa na ncha za chuma. Yaani shahidi aliyekuwa kamanda mwenyewe anatuambia kwamba mengi ya mapambo haya yalikuwa ya gwaride.

Wapo wataalamu wanaosema kwamba baadhi ya vinyago vilivaliwa vitani pia, na wana ushahidi wa kuzingatia. Mwaka 1990, huko Kalkriese kaskazini mwa Ujerumani, kilichimbuliwa kinyago cha chuma kilichowahi kufunikwa kwa fedha. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba hapo ndipo lilipoangamizwa jeshi la Varus mwaka 9, vikosi vitatu vizima, katika maangamizi yanayoitwa ya msitu wa Teutoburg. Ukikitazama kinyago hicho kwa karibu utaona kwamba fedha imebanduliwa usoni, na mabaki yake yamebanwa chini ya ukingo wa shaba. Mtu aliitaka fedha, akaichukua, akauacha uso wa chuma kwenye tope.

Aliyeongoza maangamizi hayo aliitwa Arminius, Mjerumani aliyepata mafunzo ndani ya jeshi hilohilo la Rumi na kupewa uraia wake. Alishinda kwa kuijua nchi: msitu, matope, njia nyembamba na mvua. Watu wa milimani wanapaswa kuwa wa mwisho kushangaa kusikia hivyo. Kama kinyago kilikuwa cha gwaride, basi hakiwezi kuwa kipimo cha nguvu. Kama kilikuwa cha vita, Kalkriese imekwisha kutuambia kiliwafaa nini waliokivaa.

3. Aliyelipa alikuwa nani?

Hili ndilo swali ambalo wapenda chapeo hawaliulizi kamwe. Shaba, bati, fedha, ngozi ya tandiko na shayiri ya farasi havikutoka mbinguni.

Tacitus ametuachia kisa cha Wafrisi, majirani wa Wabatavi. Kamanda Drusus aliwatoza kodi ndogo kulingana na umaskini wao: ngozi za ng'ombe kwa matumizi ya jeshi. Hakuna aliyetaja ukubwa wa ngozi hizo, mpaka akaja ofisa mmoja, Olennius, akachagua ngozi za ng'ombe-mwitu wakubwa wa misituni ziwe ndio kipimo. Ng'ombe wa Wafrisi walikuwa wadogo. Wakaanza kutoa ng'ombe wenyewe, kisha wakatoa mashamba, na mwisho wakawatoa wake na watoto wao utumwani. Mwaka 28 wakaasi, na askari waliokuja kukusanya kodi wakatundikwa. Hata Wabatavi waliosamehewa kodi ya mali hawakuvumilia mpaka mwisho. Mwaka 69 waliasi chini ya Julius Civilis, baada ya waandikishaji wa jeshi kuwakamata wazee na wagonjwa ili ndugu zao wawakomboe kwa malipo, na kuwachukua wavulana wadogo kwa aibu nyingine.

Msomaji wa Upare anaijua habari hii bila kufundishwa na Tacitus. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilituletea kodi ya kupanda, iliyopangwa kwa kukadiriwa mali ya kila mtu, na kipimo cha makadirio hakikueleweka kwa mkadiriwa. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakaenda kupiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, wakidai kodi ile iondolewe. Wanawake nao wakaingia katika mapambano hayo, wakiwemo wa hapa Usangi. Mwishowe kodi hiyo, iliyojulikana kama Mbiru, iliondolewa. Isaria Kimambo, mwanahistoria mkubwa aliyezaliwa Upare, aliandika kijitabu kizima juu ya tukio hilo.

Watoto wa watu waliopiga kambi Same wanawezaje leo kuitazama chapeo ya Rumi wakaona ufundi peke yake? Wao kuliko wengine wote wanapaswa kuiona ngozi ya ng'ombe wa Mfrisi iliyo chini yake.

4. Farasi angeishi wapi?

Kinyago cha mpanda farasi kinadai kwanza farasi. Na farasi alikuwa na maadui wakubwa katika nchi hii: mbung'o hueneza ugonjwa wa nagana, na wadudu wadogo wa usiku hueneza tauni ya farasi, ugonjwa ambao makao yake ya asili ni Afrika kusini mwa Sahara na ambao huua farasi wengi kati ya wanaoambukizwa. Mkoloni mwenyewe, pamoja na dawa zake, alipata taabu kuwafuga farasi katika sehemu nyingi za nchi hii.

Hata angepona, angepita wapi? Kutoka tambarare ya Mwanga mpaka Usangi ni kupanda tu, na juu ya Usangi unasimama Kindoroko, mita zaidi ya 2,100. Vita vya milima hii vilikuwa vya watu wa miguu, wenye mikuki, ngao za ngozi, pinde na mishale ya sumu, wanaojua ni kona gani ya njia inayoweza kulindwa na watu wachache. Kumlaumu Mpare kwa kukosa kinyago cha farasi ni sawa na kumlaumu mvuvi wa Pemba kwa kukosa koti la theluji. Kila jamii hutengeneza zana kwa ardhi iliyo chini ya miguu yake. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza analijua hilo katika somo la jiografia, ila likifika somo la historia hulisahau.

5. Chuma tulikuwa nacho

Sasa nifike kwenye uongo mkubwa zaidi, ule wa kwamba hatukuwa na kitu. Upare Kaskazini ilikuwa moja ya sehemu zilizosifika kwa chuma katika eneo lote hili. Ukoo wa Washana wa Ugweno ulikuwa ukoo wa wafua chuma, na kwa masimulizi aliyoyakusanya Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare, ukoo huo ndio uliotawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Wachaga wa Kilimanjaro, wanaosifiwa kwa mikuki yao, walitegemea kwa kiasi kikubwa chuma kilichotoka Upare na Ugweno, mpaka waya na majembe ya kigeni yalipomiminika kutoka pwani.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Baada ya mvua, mchanga mweusi wenye chuma hujikusanya kwenye vijito vya milima hii. Mchanga huo ulichotwa, ukaoshwa mpaka ule mwepesi uchukuliwe na maji na mzito ubaki, kisha ukachomwa pamoja na makaa katika tanuri. Hewa iliingizwa kwa mivukuto ya ngozi kupitia mirija ya udongo, na wavukutaji hawakuruhusiwa kuchoka, kwa maana joto linatakiwa lipite nyuzi 1,100 na libaki hapo kwa saa nyingi. Katika joto hilo uchafu huyeyuka na kutoka, nayo ndiyo mavi ya chuma. Chuma chenyewe hakiyeyuki. Hubaki donge zito lenye matundu, ambalo mhunzi hulipasha moto na kuligonga, tena na tena, mpaka takataka zote zitoke. Kosa dogo la hewa au la makaa, siku nzima imepotea.

Msomaji aliyevutiwa na Warumi azingatie jambo hili: Warumi nao walipata chuma chao kwa njia ya namna hiyohiyo. Hawakuwa na ujuzi wa kuyeyusha chuma na kukimimina. Chuma kilicho ndani ya kinyago cha Kalkriese kilitoka katika donge la tanuri, kikagongwa na mhunzi, kama kilivyogongwa cha Ugweno. Katika hatua iliyo ngumu kuliko zote, ile ya kuugeuza mchanga au jiwe kuwa chuma, mafundi hao wawili walikuwa wanafanya kazi moja.

Walitofautiana katika waliyotakiwa kutengeneza. Mhunzi wa Rumi aliagizwa na jeshi. Mhunzi wa Upare aliagizwa na mkulima anayetaka jembe, mfugaji anayetaka mkuki wa kumlinda ng'ombe, na mnunuzi anayelipa kwa mbuzi. Jembe moja lililima shamba la nyumba nzima, na kwa zana za namna hiyo zilitunzwa ndiva, yaani mabwawa madogo ya maji, na mifereji iliyomwagilia mashamba ya milima hii kwa vizazi vingi. Uso wa chuma wa kumfurahisha gavana haukuwa na mteja hapa. Kukosekana kwa gavana wa namna hiyo sikuhesabu kuwa upungufu.

Kisa cha Washana na Wasuya kina funzo jingine. Masimulizi yanasema kwamba waliotengeneza silaha waling'olewa na watu walioongozwa na Angovi na mwanawe Mranga, na baada ya mapinduzi Mranga aliimarisha utawala kwa kuyapanga upya mabaraza na mafunzo ya jando ya mshitu yaliyowalea vijana wote pamoja. Mababu zetu walikwisha kujua kwamba chuma peke yake hakitawali. Dola hujengwa na watu waliokubaliana namna ya kukaa.

6. Gharama ya kuamini uongo

Kauli ya kwamba hatukuwa na kitu ingekuwa kosa la mazungumzo tu kama isingegeuka kuwa matendo. Mtu anayeamini kwamba ardhi yake haina historia hailindi. Mavi ya chuma yapo kwenye mashamba ya Upare Kaskazini, meusi, mazito kuliko jiwe la ukubwa uleule, mengine yakiwa bado yameshikana na vipande vya mirija ya udongo. Watafiti wameyachunguza. Louise Iles na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo ya uchunguzi wao juu ya uzalishaji wa chuma Upare Kaskazini na athari zake kwa mazingira. Msomi anayetoka mbali anayaokota kwa uangalifu na kuyaandikia, na mwenye shamba anayatupa kwenye msingi wa nyumba kwa sababu shuleni aliambiwa kwamba mambo ya kale yako Roma.

Watatokea watakaosema kwamba Wazungu angalau wanathamini vya kwao. Tuitazame chapeo ya Crosby Garrett, iliyopatikana kaskazini mwa Uingereza mwezi Mei 2010, imevunjika vipande zaidi ya 60. Kwa kuwa ilikuwa kitu kimoja cha shaba, sheria ya hazina ya wakati ule haikuihusu. Oktoba mwaka huohuo iliuzwa kwa mnada wa Christie's, London, kwa takriban pauni milioni 2.3. Makumbusho ya Tullie House ya Carlisle, karibu na ilikopatikana, yalichangisha fedha yakashindwa, chapeo ikaenda kwa mnunuzi asiyetajwa jina.

Mwezi Mei huohuo wa 2010 Tanzania ilirudishiwa kinyago cha Wamakonde, cha aina inayovaliwa kichwani kama chapeo. Kiliibwa mwaka 1984 kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikaonekana baadaye katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva, na kurudi kwake kulichukua miaka mingi ya majadiliano. Matukio hayo mawili yanathibitisha jambo moja. Kitu cha kale hubaki kwa watu wake pale tu wanapojua ni chao na wakakidai. Kinyago cha Wamakonde kilidaiwa kwa sababu kilikuwa kimeandikwa katika orodha ya makumbusho. Mavi ya chuma ya Usangi hayamo katika orodha ambayo mwanakijiji anaweza kuisoma.

7. Pingamizi la mwisho

Nitaulizwa kama nakataa kwamba Warumi walikuwa mafundi. Sikatai. Chapeo iliyopatikana Ribchester mwaka 1796, ambayo sasa iko British Museum, ni kazi ya mkono uliobobea, na mtoto wa Usangi akipata nafasi ya kuiona aione. Nitaulizwa pia kama nadai kwamba mababu zetu walikuwa malaika. Sidai. Mikuki ya milima hii iliua watu, na katika karne ya 19 biashara ya watumwa iliwaingiza baadhi ya watawala wetu katika kuuza watu na kuwaita majeshi ya jirani dhidi ya ndugu zao. Historia ya kweli ina hayo yote, nayo ndiyo ninayoitetea. Ninachokataa ni mizani yenye jiwe upande mmoja, inayompima Mrumi kwa kazi yake iliyo bora na kumpima Mpare kwa kitu ambacho hakuwahi kukihitaji.

Yanayotakiwa sasa yanajulikana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatambua na kulinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na shughuli nyingi za chuma za Upare zilifanyika kabla ya mwaka huo. Halmashauri ya Wilaya ya Mwanga iorodheshe maeneo yenye mavi ya chuma, kijiji kwa kijiji, na wenzao wa Same wafanye vivyo hivyo kwa Upare Kusini. Shule za Usangi na Ugweno ziwapeleke wanafunzi mashambani wayaone kwa macho, na mwalimu wa kemia awaeleze kilichotokea ndani ya tanuri. Wazee wa koo za wafua chuma warekodiwe, kwa Chasu na kwa Kigweno, wakiwa bado hai. Hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja mfadhili kutoka nje. Yanangoja madaftari, ramani za vijiji, na viongozi watakaokataa kusimamia shule ambamo mtoto anafundishwa kumdharau babu yake.